Kanga Uliyoitafuta Tangu Juzi

Mwanangu Mwanaidi,

Kanga ya bibi yako uliyoitafuta tangu juzi ninayo mimi. Usimlaumu tena mama yako. Hakuihamisha, wala hakuifua na nguo za rangi kama ulivyomshutumu asubuhi, akabaki amesimama na kikapu cha nguo. Niliitoa mimi kabatini Jumapili, nikaikunja mara nne, nikaitia ndani ya boksi la kofia yangu ya kazini, juu ya kabati la koridoni, mahali ambapo wewe na mama yako hamfiki bila ngazi.

Salamu sirudii, tumeonana saa moja iliyopita. Mambo ya chaja, dawa za malaria na nakala za pasipoti nayo nayapita. Mama yako amekuandikia karatasi mbili mbele na nyuma, na mama yako hasahau kitu. Mimi nina jambo moja tu, na limenichukua miaka kumi na minne.

Ni saa kumi alasiri na nje ni giza tayari, Januari ndiyo hii. Umekwenda Sundbyberg kuwaaga wenzako, umesema utarudi saa tatu. Mama yako yuko kazini mpaka saa nne. Kwa hiyo nina saa tano za kuwa peke yangu na karatasi hii. Nusu saa ya kwanza imeshakwisha na nimechana kurasa sita.

Jumapili ulikuwa umetandaza picha zako hapa hapa mezani ninapoandikia. Mahekalu yaliyochongwa ndani ya mwamba mmoja, mapango ya watawa wa zamani, nguzo zilizoachwa zisimame huku jiwe lote la kuzizunguka limeondolewa. Miaka miwili utakuwa huko India ukijifunza kutibu mawe yanayomomonyoka, na kituo chako cha kwanza ni Mahabalipuram, karibu na Chennai. Ukaniambia, "Baba, njoo mwezi wa tatu. Wiki moja tu. Tutaitandika kanga ya Bibi juu ya ule mwamba alioutamani, dakika moja, halafu tunaikunja. Wewe ndiye uliyemshika mkono. Lazima uwepo."

Nikakuambia mwezi wa tatu kule joto ni nyuzi thelathini na kitu. Nikakuambia ni ndege mbili na mchana mzima. Nikakuambia magoti yangu.

Ukaniangalia, ukahamia Kiswidi kama unavyofanya ukikasirika. "Säg som det är, pappa." Sema kama ilivyo. Kisha ukarudi kwenye Kiswahili ili niumie vizuri: "Unaona haya mtoto wako aende akashike mawe ya dini za watu. Si ndiyo? Kila nikikuuliza kitu unanipa namba."

Ukaamini ni hivyo, na mimi nikakuacha uamini. Niliona bora mwanangu anidhanie mshamba wa dini kuliko anijue. Ulipoingia chumbani ndipo nilipokwenda kabatini.

Sasa nasema kama ilivyo. Sikumshika mkono bibi yako akikata roho. Sikuwepo.

Usitupe barua. Soma mpaka mwisho, halafu uitupe.

Bibi yako alizaliwa karibu na Kolo, kule Kondoa, kwenye miamba yenye michoro ambayo hakuna anayejua ni nani aliyeichora. Alikuwa mtu wa sala tano. Lakini mvua zikichelewa alichukua unga kidogo kwenye kawa, akanishika mkono, tukapanda hadi chini ya mwamba mmoja mkubwa ulioinama kama paji la uso. Tulivua ndala chini kabisa, tukapanda peku. Akaunyunyiza ule unga, akasema maneno machache, tukashuka. Nilipokuwa na miaka kumi na mbili nikamwuliza, kwa ujuaji wa mtoto wa madrasa, "Mama, hii si haramu?" Akasema, "Mungu anajua ninamwomba yeye. Hapa nakuja kwa sababu na mama yangu alikuja hapa." Nikamwambia mimi sipandi tena. Akasema sawa. Sikupanda tena.

Mambo hayo nilikuwa sijakusimulia. Ulikuwa unajua tu kwamba bibi alipenda mawe.

Mimi mawe yalinilisha kwa njia nyingine. Nilikuja huku kwa Waswidi na kibali cha mafunzo ya miezi tisa, kujifunza mashine za kutoboa mwamba, na sikuwa na mjomba balozini wala shangazi wa kunipokea. Nilibaki kwa sababu nilijua kuhesabu. Uso wa handaki tunautoboa mashimo mia moja na ishirini, tunayajaza baruti, tunarudi nyuma, tunalipua, tumesogea mita tano. Shimo moja likienda upande, mita tano zako zinakuwa tatu. Waswidi walinidharau miezi miwili, wa tatu wakaanza kuniuliza mimi. Kila nilichonacho nimekipata kwa kutokukosea hesabu, na hicho ndicho kilichoniharibu, kwa maana nilifika mahali nikadhani na watu ni vivyo hivyo.

Wewe ulipozaliwa tulikupa jina la bibi yako. Kwa desturi yetu mtoto wa kike akibeba jina la mama wa baba yake, baba hamwiti jina kavu. Nilikuita mama. "Mama, njoo ule." "Mama, kiatu kimoja kiko wapi?" Wenzako wa chekechea walikuwa wanacheka, jitu zima limevaa ovaroli la tope linamwita mtoto wa miaka minne mama, nawe unaitika kwa kujidai, mikono kiunoni: "Nini tena, mwanangu?"

Unakumbuka ni lini niliacha?

Ulikuwa na miaka kumi. Moyo wa bibi yako ulikuwa umechoka, valvu moja haifungi, na madaktari wa nyumbani wakasema apelekwe India. Nilishuka mpaka Dar nikamchukua, tukapanda ndege yeye akiwa na begi moja na hiyo kanga. Chennai tulipanga chumba kwenye nyumba ya wageni ng'ambo ya hospitali, nyumba iliyojaa Watanzania. Jikoni unasikia Kihaya, Kichaga, kila kitu, mmoja anasonga ugali, mwingine analia. Jirani yetu alikuwa mama mmoja wa Morogoro, Mama Tatu, akimuuguza mumewe. Huyo mkumbuke.

Ukutani pale mapokezi palikuwa na kalenda. Ile kalenda, ndiyo, uliyoibandika chumbani kwako miaka yote hii: ukuta mzima wa mwamba umechongwa tembo, wakubwa kama tembo wenyewe, na watu wanaoruka hewani. Bibi yako akasimama mbele yake na fimbo yake, hata mwenye nyumba akadhani amepatwa na kizunguzungu.

"Jiwe hili, mbona kama la kwetu?"

"Ni la huku, mama."

"Kumbe na hawa mawe yao wameyaheshimu." Kisha, "Ni mbali?"

Nikamwuliza dereva wa pale. Kilomita hamsini na nane. Saa moja na dakika arobaini.

"Nipeleke nikalione."

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Operesheni Jumanne. Alikuwa anatembea, Mwanaidi. Alikuwa anakula. Jumapili tulikuwa hatuna miadi yoyote. Nikamwambia, "Mama, hatukuja kutalii. Ukipona nitakupeleka."

"Na nisipopona?"

Daktari alikuwa amenipa namba, kati ya watu mia wangapi wanatoka wazima, na mimi nilikuwa nimeishika namba ile kama tasbihi. Nikamsomea. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, baba, wewe ndiye unayejua hesabu," akaenda kulala.

Alivyoniita baba hakuwa ananitania. Mimi nilikuwa na jina la baba yake. Kwetu tunabebana hivyo.

Jumatatu akalazwa. Jioni wakatuambia operesheni imesogezwa mpaka Alhamisi, daktari mkubwa amesafiri. Niligombana nao pale dirishani mpaka mlinzi akaja. Niliona wametudharau, mtu amevuka mabara mawili kuja kuambiwa Alhamisi. Usiku ule sikulala. Jumanne asubuhi nilikwenda kumwona, akawa amekaa kitandani anasukwa na nesi, anacheka. Nikamwambia nakwenda kufuatilia karatasi kwenye ofisi fulani mjini, nitarudi saa tisa.

Hakukuwa na karatasi. Saa mbili kamili nilipanda gari la yule dereva, nikaenda Mahabalipuram.

Nimejiuliza miaka kumi na minne kwa nini. Nilikuwa nimechoka na harufu ya dawa, hiyo ni kweli. Nilikuwa na hasira, hiyo nayo ni kweli. Lakini kweli ya chini kabisa ni kwamba nilikuwa nataka kuliona. Fundi wa mwamba ameoneshwa picha ya mwamba uliochongwa kwa mkono, bila mashine wala baruti, tangu Jumamosi haijamtoka kichwani. Nilimnyima mama yangu halafu nikajipa mwenyewe. Nikajiambia nakwenda kumkagulia njia, nihesabu ngazi, ili akipona nijue atazimudu.

Nilifika saa nne kasoro dakika ishirini. Nikauona ule ukuta wa tembo. Pembeni pana hekalu ambalo watu bado wanasali, na pale mlangoni viatu vinavuliwa na simu haziruhusiwi. Kuna mama mmoja anakaa na rundo la viatu anavitunza. Nikavua vyangu, nikatia simu ndani ya kiatu cha kulia, nikasukumia soksi juu yake isionekane. Nilijiona mjanja. Wakaniruhusu mpaka ukumbi wa nje, nikasimama kidogo na wanaosali, nikasikia kengele, kisha nikatokea mlango wa pembeni. Mbele yangu kikawa kilima chenye mapango.

Ningerudi kuchukua viatu. Dakika tatu tu. Lakini nilikuwa nimeshakanyaga mwamba, una joto la asubuhi, ule mkwaruzo wake chini ya unyayo, nikawa mtoto wa Kolo. Nikapanda peku.

Pango nililoishia halikumalizika. Ukifika utalijua: nguzo zimechongwa nusu, na ukuta wa nyuma umekatwa miraba miraba kama kipande cha chokoleti. Walikuwa wanachimba mifereji, halafu wanaibomoa ile miraba mmoja mmoja kwa nyundo na tindo, wanaanza tena. Niliweka kiganja ukutani, nikaanza kuhesabu alama za tindo, kiganja kwa kiganja, nikitaka kujua mtu mmoja aliondoa kiasi gani kwa siku. Nilifika mia mbili na kumi na nne. Sijawahi kuwa na furaha kama ile kazini, na wala sikuwa kazini.

Niliporudi kwenye viatu ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Yule mama wa viatu aliponiona tu alisimama. Hakujua Kiingereza, nami sijui Kitamili. Akaninyooshea kiatu cha kulia kwa mikono miwili, akakigusisha sikioni, akatikisa kichwa. Kililia. Kililia sana.

Simu kumi na moja. Ya kwanza saa tano na dakika kumi na mbili.

Bibi yako alifariki saa sita na dakika thelathini na moja. Mapigo yalimwenda mbio baada ya chai, wakamkimbiza chumba cha uangalizi, na sasa sikiliza hesabu yangu ya mwisho, maana nimeifanya mara nyingi kuliko nilizofanya za baruti. Tuseme simu ningekuwa nayo mkononi. Naipokea saa tano na dakika kumi na mbili, naruka ndani ya gari, saa moja na dakika arobaini. Nafika saa saba kasoro dakika nane. Nimechelewa kwa dakika ishirini na moja. Kwa hiyo kosa si la kiatu, wala la amri ya hekalu. Miaka miwili ya mwanzo nililichukia lile hekalu, mpaka siku moja nikiwa natoboa nikaifanya hesabu hii vizuri nikakosa pa kuegemea. Kosa ni gari la saa mbili asubuhi. Na kabla ya gari ni Jumapili nzima tuliyokaa chumbani tukitazama ukuta, mwamba uko kilomita hamsini na nane, na yeye miguu anayo.

Aliyemshika mkono ni Mama Tatu. Alikuwa amekwenda kumpelekea uji. Aliniona ninakuja mbio koridoni saa nane na nusu, vumbi miguuni, akanivuta pembeni.

"Pole, baba. Pole. Alikuulizia."

"Alisema nini?"

"Alisema, mwanangu yuko wapi. Nikamwambia yuko njiani."

"Sikuwa njiani."

"Najua," akasema. Alinitazama miguu, sijui alielewa nini. Kisha akasema, taratibu kama mtu anayekutengenezea kola ya shati, "Watu wa nyumbani waambie ulikuwepo. Alikuwa anakunywa chai na mwanawe, akaondoka. Haimdhuru mtu. Mimi sitasema."

Niliupokea ule uongo kama mtu mwenye kiu anavyopokea maji. Namuombea heri mpaka leo, na siku nyingine nautamani moyo wa kumlaumu.

Nilipofika Kondoa na jeneza, uongo niliousema kwenye simu ulishatangulia. Shangazi yako Zaituni alikuwa ameshawasimulia wote, kwamba Bibi Mwanaidi amefia mikononi mwa mwanawe, kichwa kifuani, shahada midomoni. Shahada ile aliitia yeye mwenyewe, mimi sikuisema. Wazee wakaniketisha mbele. Wanawake wakawaambia watoto wao wa kiume, "Mnaona? Huyo ndiye mtoto." Mwaka baada ya mwaka nikirudi likizo nasimuliwa kifo cha mama yangu na watu ambao hawakuwepo, na mimi ambaye sikuwepo naitikia kwa kichwa.

Niliporudi huku, ulinifuata mlangoni sijavua koti. Ukaniambia pole. Nikakuita jina lako. Ulisubiri. Baada ya siku chache ukaniuliza, "Baba, mbona huniiti mama tena?" Nikasema, "Umekuwa mkubwa." Usiku ule mama yako aliniambia ulimwuliza umekosa nini.

Hukukosa kitu. Nilikuwa siwezi kulitamka lile neno halafu ukaitika.

Halafu ukakua ukaijenga nyumba yako yote juu ya ule uongo. Kalenda ikapanda ukutani. Shuleni uliandika habari ya bibi aliyetamani mwamba akafia mikononi mwa baba, mwalimu akaisoma mbele ya darasa, nami nikaketi kwenye kiti cha mzazi nikipigiwa makofi. Ukasomea mawe. Uliponipigia simu kuniambia umechaguliwa kwenda India, nilikuuliza nini? "Waliomba wangapi?" Ukanijibu, nikasema vizuri, tukakata. Hilo nalo ni moja ya makosa yangu ninayoyajua.

Kasongo ameniponda vya kutosha. Unamjua, yule Mkongo wa Bukavu tuliyetoboa naye pamoja miaka kumi na moja. Juzi wakati wa kula nilimwambia nusu ya jambo hili, wa kwanza kumwambia. Akaweka kijiko chini.

"Papa Mwanaidi, weye unajua kutoboa majiwe ya huku yote. Mutoto mumoja tu anakushinda kusemesha?"

"Nitamwambiaje, Kasongo? Amebakiza siku tatu."

"Siku tatu ni mingi. Mulipuko inachukua ngapi?"

"Sekunde."

"Ehe. Na mbele ya kulipua, tunafanya nini?"

"Tunaondoa watu."

"Basi weye miaka yote unaondoa watu tu, haulipui." Akacheka kile kicheko chake, akachukua kipande changu cha kuku akala.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikapita stesheni zetu za treni ya chini ya ardhi, laini ya bluu, mpaka hapa kwetu Hjulsta, nikakumbuka ulipokuwa na miaka sita. Tulikuwa tumeshuka katikati ya mji, kwenye ile stesheni ambayo ukuta ni mwamba mtupu umepakwa rangi, nawe ukaninong'oneza, "Hapa ni msikitini?"

"Ni stesheni, mama."

"Mbona watu hawaongei?"

"Ni Waswidi."

Ukacheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukaweka kiganja ukutani, ukaniambia jiwe linatoa jasho. Ni mimi niliyekufundisha kushika mwamba kwa kiganja kizima, si kwa kidole. Hilo tu. Mengine yote uliyonayo ni yako.

Sijui nikushauri nini. Nimeona barua za wazazi wengine, zina busara. Mimi nikijipekua naona nina kitu kimoja, nacho si busara, ni kovu: mtu akikuambia nipeleke nikaone, usimjibu kwa namba. Mpeleke, au mwambie unaogopa. Mimi nilikuwa naogopa. Niliogopa afie njiani, kwenye gari, mikononi mwangu. Ndiyo. Kile kile ninachosifiwa nacho ndicho nilichokikimbia.

Ukifika, anza na lile pango ambalo halikumalizika. Wenzako watakupeleka kwenye tembo kwanza, kila mtu anapelekwa kwenye tembo. Wewe panda hadi lile. Waliolichonga waliondoka, hakuna ajuaye kwa nini, na walioishi baada yao hawakuliziba wala hawakujifanya limekwisha. Kila pigo lililokosea bado lipo, unaweza kutia kidole.

Kanga nimekurudishia. Ipo kwenye begi lako kubwa, upande wa chini, chini ya viatu vya wazi. Niliificha kwa sababu niliona haya ukaitandike juu ya ule mwamba na kusema maneno yasiyo ya kweli mbele ya bibi yako, wewe usiyejua, kwa ajili yangu. Sasa unajua. Utasema utakachosema. Ukiona hutaki tena kuitandika, irudishe Kondoa kwa shangazi yako, na kama utamwambia kwa nini, sitakuzuia. Mama yako nitamwambia mwenyewe akirudi. Nimekwisha kuandika hapa kwamba nitamwambia, kwa hiyo siwezi kurudi nyuma.

Ulinialika mwezi wa tatu. Nahesabu kwamba mwaliko ule ulikuwa wa mtu mwingine, yule aliyemshika mama yake mkono. Huyo hayupo. Kama kuna mwaliko wa huyu aliyebaki, yuko tayari, magoti na yote. Kama hakuna, sitakuuliza. Nimejaribu kukadiria utanijibu nini, na mara ya kwanza maishani sina hata namba ya kuanzia.

Barua hii naikunja naitia ndani ya kiatu chako cha safari, cha kulia, hapo mlangoni. Nimefikiria nikupe mkononi nimeshindwa. Kesho saa kumi na moja alfajiri utatia mguu, utasikia karatasi. Treni yako ni saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, soma ukiwa umekaa kwenye kile kiti cha kuvalia viatu, ni kurasa chache, utawahi. Nitakuwa jikoni, koti nimevaa. Ukitaka nikubebee begi mpaka uwanja wa ndege, gonga mlango wa jikoni mara moja. Ukitaka kwenda peke yako, nenda, nitasikia lifti ikishuka nami nitajua, na sitatoka kukuaibisha mbele ya majirani.

Ila kabla hujaamua, niruhusu nikuite nilivyokuwa nakuita. Huna haja ya kuitika.

Mama, safari njema.

Mimi mwanao,
Baba